Laila na Majnun: Mashairi Yaliyozaa Kisa

Kisa cha Laila na Majnun kilizaliwa katika nyika za Najd, katikati ya Rasi ya Uarabuni, zama za utawala wa Bani Umayya katika karne ya 7. Qays bin al-Mulawwah, kijana wa kabila la Banu Amir, alimpenda Laila, binti wa jamaa zake, akamtungia mashairi yaliyosambaa kotekote, akaposa, akakataliwa, Laila akaozwa mume mwingine, Qays akarukwa na akili, akaishi jangwani pamoja na wanyama wa mwituni hadi mauti yalipomkuta. Watu wakamwita Majnun, yaani aliyepagawa na majini, na lakabu hiyo ikalifunika jina alilopewa na wazazi wake. Kifo chake hukisiwa kuwa kilitokea mnamo mwaka 688. Ukiacha muhtasari huo, karibu kila jambo la kisa hiki limesimuliwa kwa namna zaidi ya moja, na wasimulizi wa mwanzo kabisa walilijua hilo na kulisema waziwazi.

Zama hizo zilikuwa za mageuzi makubwa. Majeshi ya Waislamu yalikuwa yamekwisha kuteka Shamu, Iraki, Misri na Uajemi. Makao makuu ya dola yalikuwa Damascus, na mali ilimiminika Makka na Madina. Makabila ya jangwani yalibaki pembeni, na huko pembeni ndiko kulikostawi ushairi wa mapenzi wa aina mpya. Mshairi wa kale wa Kiarabu alikuwa akimkumbuka mpenzi wake mwanzoni mwa shairi, kisha akaendelea na habari za safari, ngamia, vita na fahari ya kabila. Mshairi huyu mpya alimchagua mwanamke mmoja, akamwimba maisha yake yote, wala hakutaka kumtazama mwingine. Mapenzi ya namna hiyo yalipewa jina la kabila la Banu Udhra, ambalo vijana wake walisifika kwamba wakipenda hufa kwa kupenda. Mshairi alijulikana kwa jina la mpenzi wake: Jamil wa Buthayna, Kuthayyir wa Azza, Urwa wa Afra, Qays bin Dharih wa Lubna. Majnun wa Laila alikuwa mmoja tu katika kundi hilo, na hakuna aliyeweza kutabiri kwamba yeye ndiye angewapita wote kwa umaarufu.

Kiini cha mkasa kimo katika mila za jangwani. Kijana hakuruhusiwa kumtaja binti wa watu kwa jina katika mashairi. Beti zikishafika visimani na masokoni, kila mtu aliuliza ni nini kilichopita kati ya wawili hao, na heshima ya baba na kaka zake binti ilikuwa imekwisha kuingia doa. Kumwoza binti kwa mtungaji wa beti hizo kungekuwa sawa na kukiri kwamba yaliyosemwa ni kweli. Kwa hiyo shairi, ambalo ndilo pekee alilokuwa nalo Qays la kumpa Laila, ndilo lililomfungia mlango wa nyumba yao. Wasimulizi wa baadaye walitafuta sababu nyingine za kukataliwa kwa posa: uhasama wa koo, tamaa ya mali, kiburi cha mzazi, wazimu wa kijana. Sababu ya asili inazipita zote kwa uzito, maana ndani yake kipaji cha mshairi ndicho kinachoivunja ndoa yake, na hapatikani mtu mwovu wa kutupiwa lawama.

Habari hizi zilipita midomoni kwa muda mrefu kabla ya kukusanywa vitabuni. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, aliziandika chache katika kitabu chake cha washairi. Mkusanyo mkubwa ni wa Abu al-Faraj al-Isfahani, aliyefariki mwaka 967, ndani ya Kitab al-Aghani, kitabu kikubwa cha nyimbo pamoja na habari za watunzi na waimbaji wake. Abu al-Faraj hakujaribu kutunga hadithi moja yenye mwanzo na mwisho. Aliziweka riwaya moja baada ya nyingine, kila moja na majina ya waliopokezana, na akatangaza mapema kwamba dhamana ya ukweli wake wanayo wale aliozipokea kwao, si yeye.

Riwaya moja kati ya hizo inasema kwamba Qays na Laila walikua pamoja wakichunga mifugo kwenye mlima Tawbad, wakapendana wangali watoto, na Laila alipovunja ungo akawekwa ndani. Riwaya nyingine inasema walikutana wakiwa watu wazima: Qays alipita juu ya ngamia wake akiwa amevaa vizuri, akakuta wanawake wameketi wakizungumza, wakamkaribisha, naye akamchinja ngamia wake ili awakirimu. Jioni akafika kijana mwingine, Munazil, wanawake wakamgeukia huyo mgeni mpya, na Qays akaondoka amejaa wivu. Siku ya pili Laila akamwonyesha kwamba moyo wake uko kwake.

Simulizi zuri kuliko yote katika mkusanyo huo, na ambalo washairi wa baadaye hawakulitendea haki, ni lile la moto. Usiku mmoja wa baridi Qays alikwenda kwa akina Laila kuomba moto. Laila akamletea kaa katika kitambaa, wakasimama wakizungumza. Kitambaa kilipoteketea, Qays akachana kipande cha joho lake akakiwasha kwa moto uleule. Hicho nacho kilipokwisha akachana kingine, na kingine, mpaka hakubakiwa na vazi ila la kumsitiri utupu wake, naye hakutambua alilokuwa akilifanya. Hakuna beti hata moja ya kueleza wazimu wa Majnun inayofikia tukio hilo dogo, ambamo uchi wake wa jangwani unaanzia mlangoni pa Laila, katikati ya mazungumzo ya kawaida.

Kuhusu posa, Kitab al-Aghani kina takwimu za mahari. Upande wa Qays uliahidi ngamia wekundu 50, waliokuwa mali ya thamani sana. Mposaji wa pili, Ward bin Muhammad wa ukoo wa Uqayl, aliahidi ngamia 10 na mchungaji wao. Wazee wakasema binti achague mwenyewe, huku jamaa zake wamekwisha kumtishia adhabu asipomtaja Ward. Akamtaja Ward. Wakubwa wa serikali nao waliingia katika habari hii: Nawfal bin Musahiq, aliyetumwa na watawala wa Madina kukusanya zaka, alimkuta Majnun uchi akichezea mchanga, akamhurumia, akaahidi kumwombea Laila. Watu wa Laila wakampokea kwa silaha, wakimkumbusha kwamba sultani mwenyewe ameihalalisha damu ya kijana huyo endapo atarudi kwao. Nawfal akarudi nyuma.

Baba yake Qays alimpeleka Makka ashike pazia la Kaaba na kumwomba Mungu amponye. Kijana akaomba mapenzi yake yazidi. Mwishowe mtu mmoja aliyemfuata jangwani kuandika mashairi yake alimkuta amekufa katika bonde la mawe. Jamaa zake wakamwosha na kumzika, na hata waliomkataa wakajuta.

Wataalamu wa miji ya Basra na Kufa walikuwa wameanza kutilia shaka mambo haya kabla Abu al-Faraj hajazaliwa. Al-Asmai, mwanaisimu mashuhuri wa Basra, amenukuliwa akisema kwamba wako watu wawili ambao dunia haikupata kuwajua ila kwa jina tu, na mmoja wao ni Majnun wa Banu Amir. Wote wawili walibuniwa na wapokezi wa mashairi. Mpokezi mwingine alieleza kuwa aliwauliza Banu Amir ukoo baada ya ukoo asipate hata mmoja anayemjua. Ilisemwa pia kwamba mtungaji halisi alikuwa kijana wa nasaba ya Bani Umayya aliyempenda binti ami yake na kuogopa kujulikana, akajificha nyuma ya jina la mwendawazimu. Mwandishi al-Jahiz alitoa maelezo yanayoridhisha kuliko yote: shairi lolote la mapenzi lenye jina la Laila, ikiwa mtungaji wake hajulikani, watu walimpa Majnun, na lenye jina la Lubna walimpa Qays bin Dharih.

Maelezo hayo yanafungua njia ya kisa kukua. Mashairi mengi ya Laila yalikuwepo tayari, ya watunzi mbalimbali, na kila shairi lilihitaji tukio la kulieleza. Shairi lenye mlima Tawbad lilidai utoto wa uchungaji. Lenye paa aliyenaswa lilidai mwindaji na mtu wa kumkomboa mnyama kwa sababu macho yake yalifanana na ya Laila. Wasimulizi wakaziba nafasi kati ya shairi na shairi. Katika karne ya 20 msomi wa Kirusi Ignaty Krachkovsky, aliyeichunguza historia ya awali ya kisa hiki, alielekea kukubali kwamba huenda alikuwepo mshairi wa kweli miongoni mwa Banu Amir, wakati Taha Husayn wa Misri alishikilia kwamba Majnun ni zao la wasimulizi. Kwa historia ya fasihi, jambo la hakika ni kwamba mkusanyo ulikamilika bila kupata mwandishi wa kuufanya kuwa hadithi moja.

Mwandishi huyo alipatikana mbali na Najd, na katika lugha nyingine. Nizami Ganjavi, aliyezaliwa mnamo 1141 katika mji wa Ganja, ambao leo uko Azerbaijan, alipokea barua kutoka kwa mfalme wa Shirvan, Akhsitan wa Kwanza, akitakiwa atunge utenzi wa Kiajemi juu ya Laila na Majnun. Katika utangulizi Nizami anasimulia kwamba alisita. Habari yenyewe aliiona kame: hakuna bustani, hakuna karamu za kifalme, hakuna mito, ila mchanga, milima mikavu na huzuni. Mwanawe Muhammad, aliyekuwa na umri wa miaka 14, ndiye aliyemsihi akubali. Alikamilisha kazi mwaka 1188, beti zaidi ya 4,000 za mishororo miwiliwili yenye vina, na kwa maneno yake mwenyewe ilimchukua chini ya miezi minne. Ukawa utenzi wa tatu katika zile tano zinazoitwa Khamsa.

Nizami alizichukua riwaya zilizotawanyika na kuzipanga kuwa maisha ya mtu mmoja, tangu kuzaliwa hadi kufa. Qays wake ni mtoto wa pekee wa chifu aliyekaa miaka mingi bila mrithi. Hakutani na Laila malishoni. Wanakutana chuoni, wenzao wakisoma hesabu na herufi wao wakisomana nyuso. Mabadiliko hayo yanafichua mengi juu ya dunia ya Nizami, dunia ya miji, walimu na vitabu. Nawfal naye anageuka. Yule mkusanya zaka wa Madina anakuwa bwana wa vita, anayeshambulia kabila la Laila mara mbili kwa ajili ya rafiki yake, huku Majnun mwenyewe katikati ya mapigano akiwaombea ushindi watu wa upande wa Laila. Nawfal anashinda, na baba wa binti anamwambia kwamba heri amuue mwanawe kwa mkono wake kuliko kumtoa kwa mwendawazimu. Mshindi anakosa la kujibu, anaondoka. Ushindi wa vita unashindwa kufanya kile ambacho mila imekikataa, na hapo Nizami anarudi kwenye kiini cha riwaya za Kiarabu, ingawa amebadilisha kila kitu kinachokizunguka.

Mchango wake mkubwa ni Laila. Katika riwaya za Kiarabu mara nyingi yeye ni jina linaloitwa na mwingine. Kwa Nizami ana maisha yake. Amefungiwa hemani, anasikia beti za Majnun zikiimbwa na wapita njia, anazijibu kwa beti zake mwenyewe na kuziachia upepo. Anaozwa kwa Ibn Salam, na mume anapomkaribia anampiga kofi na kuapa kwamba hatampata. Ibn Salam anakubali kuishi naye kwa kumtazama tu, na Nizami anamhurumia mtu huyo kuliko wasimulizi wengi waliomfuata. Mara moja mzee mmoja anawakutanisha wapenzi katika kiunga cha mitende. Laila anasimama hatua kumi mbali na kusema kwamba akisogea ataungua. Majnun anaimba, kisha anakimbilia nyikani. Ibn Salam anapofariki, Laila anapata ruhusa ya kulia hadharani, na wote wanaomwona wanadhani anamlilia mumewe. Anakufa majira ya majani kupukutika. Majnun anafuata, amelikumbatia kaburi lake, na wanyama waliomzoea wanamlinda hata watu wasithubutu kusogea mpaka inabaki mifupa. Ndipo wanapomzika kando yake.

Baada ya Nizami, karibu kila mshairi mkubwa wa Kiajemi alitaka kujipima kwa Khamsa. Amir Khusrow wa Delhi alitunga utenzi wake mnamo 1299, na humo Majnun anakubali kumwoa binti wa Nawfal, jambo linalomletea Laila uchungu wa aina mpya. Jami na rafiki yake Alisher Navoi, wote wa Herat, walitunga tenzi zao mnamo 1484: wa Jami kwa Kiajemi, wa Navoi kwa Kituruki cha Chagatai. Fuzuli aliishi Baghdad wakati Sultani Suleiman wa Waosmani alipoutwaa mji huo mwaka 1534, na mnamo 1536 akamaliza utenzi wake kwa Kituruki cha Kiazeri. Daulat Uzir Bahram Khan aliupeleka mkasa katika Kibengali katika karne ya 16, na Mfalme Teimuraz wa Kwanza akautunga kwa Kijojia katika karne ya 17.

Masufi walikuwa wameuona mkasa huu tangu mapema kuwa unawahusu. Kwao Majnun alikuwa mfano wa mtu aliyeipoteza nafsi yake kwa kumtafuta Mpendwa asiyefikiwa. Mshairi wa Kisufi Rumi, katika utenzi wake wa Masnavi, anasimulia juu ya khalifa aliyemshangaa Laila kwa kuwa hakuuona uzuri wa kumtia mtu wazimu, naye akamjibu kwamba khalifa si Majnun. Humohumo Majnun analikumbatia na kulibusu jibwa kwa sababu ni la mtaa wa Laila. Mwelekeo huo ulifika mbali zaidi kwa Jami na Fuzuli. Katika utenzi wa Jami, Majnun anasimama akimsubiri Laila bila kujitikisa hata ndege anajenga kiota kichwani pake. Katika ule wa Fuzuli, Laila anamfuata jangwani, huru na tayari, na Majnun anamkataa, kwa kuwa Laila aliyemo ndani yake amemtosha. Ni mawazo ya hali ya juu, na Fuzuli ameyaandika kwa lugha inayotetemesha. Lakini yana gharama: mwanamke aliyevumilia kifungo na ndoa ya lazima anaondoka mikono mitupu, naye alikuja akiwa mtu, si ishara.

Wachoraji wa vitabu walikuwa na jicho la karibu zaidi kwa mambo ya dunia. Nakala ya Khamsa iliyotengenezwa kwa ajili ya Shah Tahmasp wa Uajemi kati ya 1539 na 1543, ambayo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza mjini London, ina mchoro wa Majnun akiletwa kwa minyororo na ajuza mmoja hadi mbele ya hema la Laila. Ajuza huyo katika utenzi alikuwa akimtembeza mfungwa ili waombe sadaka, na Majnun akaomba afungwe yeye apate kisingizio cha kufika kambini. Mchoraji, anayetajwa kuwa Mir Sayyid Ali, hakuishia kwa wapenzi: mchungaji, mwanamke jikoni na watoto wanaorusha mawe wote wamo.

Karne ya 20 iliutoa mkasa vitabuni na kuupeleka jukwaani. Mnamo Januari 1908, mjini Baku, Uzeyir Hajibeyov, kijana wa miaka 22, alionyesha opera ya Leyli na Majnun kwa maneno ya Fuzuli. Inahesabiwa kuwa opera ya kwanza katika ulimwengu wa Kiislamu. Aliunganisha okestra ya Kizungu na uimbaji wa jadi wa mugham, na kwa kuwa mwanamke wa Kiislamu hakuruhusiwa kupanda jukwaani, nafasi ya Leyli ilichezwa na mwanamume. Misri ikafuata kwa njia yake. Ahmad Shawqi, aliyeitwa amiri wa washairi, alichapisha tamthilia ya Majnun Laila mnamo 1931, akaurudisha mkasa Najd. Katika tamthilia hiyo baba anampa Laila uhuru wa kweli wa kuchagua, na Laila, pasipo kutishwa na mtu, anamchagua Ward ili kulinda heshima ya nyumba yao, kisha anajuta hadi kufa. Shawqi aliichukua sababu ya asili ya riwaya za Kitab al-Aghani na kuiweka ndani ya moyo wa binti mwenyewe. Tangu Nizami hapakuwa na msimuliaji aliyemfikiria Laila kwa undani kiasi hicho. Sehemu ya tamthilia hiyo mwanamuziki Mohammed Abdel Wahab aliitia muziki kwa ajili ya filamu ya Yawm Said ya 1940, na sauti ya Laila ikawa ya mwimbaji Asmahan. Nyimbo za Abdel Wahab zilipendwa pia Zanzibar, ambako wanamuziki wa taarabu walizisikiliza kwa makini kwenye santuri na redio za Cairo.

Ulaya ilimjua Laila kwa kuchelewa. James Atkinson alichapisha tafsiri ya Kiingereza ya utenzi wa Nizami mwaka 1836, ikiwa imefupishwa sana. Louis Aragon wa Ufaransa alijenga juu ya Majnun kitabu chake kikubwa cha mashairi kilichotoka 1963, na mwaka 1970 Eric Clapton akaupa wimbo wake jina la Layla baada ya kusoma habari hizo za Nizami.

Sinema za Bara Hindi zimeurudia mkasa mara nyingi kuliko za nchi nyingine yoyote, tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Filamu ya 1976, ya mwongozaji H. S. Rawail na mwigizaji Rishi Kapoor, ndiyo iliyopata umaarufu mkubwa. Filamu ya 2018 iliwahamishia wapenzi Kashmir ya leo, penye ugomvi wa familia na siasa, na Majnun wake anaanza kupoteza akili wakati vizuizi vyote vimekwisha kuondoka na siku za kungoja zimebaki chache. Huko Singapore, Laila Majnun ya miaka ya 1930 ilikuwa miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za Kimalei.

Nchini Saudi Arabia, wilaya ya al-Aflaj ina mji uitwao Layla, na mlima Tawbad unaonyeshwa wageni hadi leo. India nayo ina makaburi mawili huko Binjaur, Rajasthan, karibu na mpaka wa Pakistani, ambayo wenyeji huamini kuwa ni ya Laila na Majnun waliokimbilia huko na kufia hapo. Kila mwaka mwezi Juni hufanyika tamasha, na Wahindu kwa Waislamu, hasa wachumba na maharusi wapya, hufika kuomba baraka.